Mimba miezi saba, mgongo hauniachi: nesi anasema tembea, mama mkwe anasema lala. Nimsikilize nani?

#1 Bi_Mawese
Habari zenu wana jukwaa. Niko Gungu, Kigoma mjini, mimba ya pili, mwezi wa saba ndiyo umeanza. Kiuno kinaanza kuuma mchana, jioni nikikaa kwenye kigoda kuinuka ni kazi, usiku kugeuka kitandani mpaka nishike ukuta. Kliniki wamenipima, presha sawa, mkojo sawa, mtoto anacheza vizuri. Nesi akaniambia nitembee na nifanye mazoezi mepesi. Narudi nyumbani, mama mkwe (wa Ujiji, mnawajua) anasema mwenye tumbo kubwa harukiruki, nilale, la sivyo mtoto atashuka kabla ya siku zake. Mume wangu anakubaliana na aliyeongea mwisho.

Waliopitia hili: mazoezi yanasaidia kweli au wananipoza tu? Yapi hasa? Na maumivu yenyewe yanatoka wapi, maana mimba ya kwanza sikuyaona haya.

#2 MgebukaMbichi
Kama mume anakubaliana na aliyeongea mwisho, hakikisha wa mwisho ni wewe, saa nne usiku. Uzi umeisha, moda funga.

#3 MamaMapacha_Kasulu
Hahaha, #2 humu huwa unatafuta nini?

Dada, mazoezi yanasaidia. Nilibeba mapacha, naongea nikijua. Lililonifaa kuliko yote ni lile la paka. Tandika mkeka, piga magoti, viganja chini, mikono iwe chini ya mabega na magoti chini ya nyonga. Toa pumzi polepole huku unainua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kidevu kiingie kifuani. Vuta pumzi urudishe mgongo uwe sawasawa tu, usiuache ubonyee chini, tumbo litauvuta. Rudia mpaka usikie umelegea. Mimi nilikuwa nafanya jioni, watoto wa jirani wanachungulia mlangoni wanacheka.

La pili ni la ukutani. Simama, mgongo na makalio viguse ukuta, nyayo mbele kidogo, magoti yalegee. Sukuma kile kiuno kilichojipinda mpaka kiguse ukuta, hesabu taratibu, achia. Hilo hata kazini unafanya.

#4 Mwisho_wa_Reli
Mgongo kuuma hivyo ni mtoto wa kiume. Wa kiume anakaa nyuma, wa kike anakaa mbele. Andaa jina.

#5 NyukiWaTabora
#4 hiyo chai na haina hata sukari. Nina mabinti, na kwa kila mmoja mke wangu aliumwa mgongo. Hao walikaa wapi, kwenye buti?

#6 Mwisho_wa_Reli
Nyie wa Tabora kaeni na asali yenu. Mila za huku zina watu wake.

#7 FizioZiwani
Kazi yangu ni kutibu viungo, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Bi_Mawese, kabla ya zoezi lolote weka kidole panapouma. Kikienda juu, usawa wa mkanda wa sketi na kupanda, hicho ni kiuno. Kikienda chini yake, kwenye vile vishimo viwili juu ya makalio, au mbele kwenye mfupa wa kinena, hiyo ni nyonga. Wengi wanaita yote mgongo, ila namna ya kuyashughulikia inatofautiana. Mwenye maumivu ya nyonga anaumia akigeuka kitandani, akipanda ngazi, akisimama mguu mmoja avae nguo ya ndani. Wewe umetaja kugeuka kitandani, ndiyo maana nauliza.

Kama ni kiuno, alichosema #3 ni sahihi. Ongeza kutembea, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kujivuta kwa mikono, na hili: ukiwa kwenye yale magoti na viganja, nyoosha mguu mmoja nyuma taratibu bila kiuno kuyumba, rudisha, badilisha. Ukizoea, nyoosha na mkono wa upande wa pili.

Kama ni nyonga, punguza yote yanayotanua miguu. Hatua ziwe fupi, vaa ukiwa umekaa, ngazi panda moja moja. Kitandani bana magoti pamoja, geuza mabega na nyonga kwa mkupuo mmoja. Kuamka, lala ubavu kwanza, shusha miguu, sukuma kwa mikono. Mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti usiku kucha.

Chanzo ni viungo kulegea. Mwili wa mjamzito unatoa homoni ya rilaksini, kano za nyonga, zile nyuzi zinazofunga mifupa pamoja, zinalainika ili mtoto apite. Misuli inalazimika kufanya kazi ya kano, inachoka, inauma.

#8 Dagaa_wa_Katonga
Hapo kwenye homoni, mimi naona mnapita kando ya jambo lenyewe. Njooni mwaloni Katonga asubuhi dagaa wakishushwa. Mwanamke ana tumbo la miezi minane, ameinama kuanzia nyonga, miguu imenyooka, anatandaza dagaa kwa kiganja, ndoo kwa ndoo. Jua likipanda anarudi kugeuza, ameinama vilevile. Mvua ikichungulia anakusanya mbio, bado ameinama. Akifika kwake anafagia uwanja kwa ule ufagio mfupi wa njiti za mchikichi, kisha anasonga ugali wa muhogo wa watu wanane, na mnajua muhogo ukishika mwiko unavyobishana. Halafu aambiwe kinachouma ni homoni?

Wanaoanika juu ya vichanja wanasimama wima, na hao siwasikii wakilia mgongo. Nyanyueni kazi ifike usawa wa kiuno, mtaona.

#9 MgebukaMbichi
#8 kaongea. Hapo kwenye ugali wa muhogo nimesikia bega langu limejibu.

#10 Dagaa_wa_Katonga
Wewe unausonga lini?

#11 Shangazi_Buzebazeba
Wanangu, hilo ni chango. Zamani tuliliita hivyo na lilikuwa na dawa yake, mizizi inachemshwa, unakunywa kikombe asubuhi, kiuno kinafunguka. Siku hizi kila kitu mazoezi mazoezi.

#12 Mkunga_Mstaafu
Shikamoo shangazi. Kwa heshima yote, mizizi kwa mimba ya miezi saba hapana. Mingine inakaza mfuko wa uzazi na inaleta uchungu ambao haujafika wakati wake. Nimekaa wodi ya wazazi muda mrefu, nimepokea waliokunywa.

Bi_Mawese, mama mkwe wako ana hofu ya kweli ila ameielekeza pasipo. Kutembea hakumshushi mtoto kabla ya siku zake kwa mwenye mimba isiyo na shida. Wasiotakiwa kufanya mazoezi wapo: anayetokwa damu, mwenye kondo la nyuma lililoziba njia, aliyefungwa mlango wa kizazi kwa uzi, mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, mwenye dalili za uchungu wa mapema. Hao wanafuata watakachoambiwa na daktari. Wewe umesema umepimwa uko sawa.

#13 Bi_Mawese
Asanteni sana. FizioZiwani, nimeweka kidole: upande wa kulia kiko kwenye kile kishimo kabisa, na juu yake pia. Yaani vyote viwili? Na Dagaa_wa_Katonga, mimi si wa dagaa, nauza mawese sokoni, nakaa kwenye kigoda kifupi siku nzima. Maji ndiyo nachota mwenyewe, bomba liko mbali kidogo.

#14 FizioZiwani
Vyote viwili inawezekana, wengi huja hivyo. Anza na ya nyonga, ongeza ya kiuno pole pole. Kigoda badilisha: tafuta kiti ambacho magoti hayazidi nyonga kwa urefu, weka kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na kila mteja akiondoka simama.

#15 NyukiWaTabora
Dumu la lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu dumu lenyewe. Huyo mume anayekubaliana na aliyeongea mwisho, mimi naongea sasa: chukua dumu kaka. Hilo ndilo zoezi namba moja la mgongo wa mke wako.

#16 Mzee_wa_Kibirizi
Mama zetu walibeba mitungi kichwani na mimba zao, mgongo ukanyooka kama mnazi. Kubeba kichwani kunamfanya mtu asimame wima. Shida ya siku hizi ni kukaa. Anakaa sokoni, anakaa kwenye boda, anakaa na simu.

#17 Dagaa_wa_Katonga
Shikamoo mzee. Mama zako waliumwa, hawakukwambia wewe tu.

#18 Mwisho_wa_Reli
Ziwa lote hili la nini? Aogelee. Mwili unaelea, uzito unaisha, mgongo unapumzika. Bure, hana haja ya fizio wala mkeka.

#19 MamaMapacha_Kasulu
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu #18 kasema jambo. Hata mimi nimesoma kwamba mazoezi ya majini yanapunguza maumivu.

#20 Mkunga_Mstaafu
Maji ni mazuri, ufukwe ndiyo tatizo. Tanganyika ina konokono wa kichocho sehemu zake, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia, kile cha tumbo. Usisahau mamba. Ambaye tayari yuko majini kila siku kwa kazi aseme kliniki apimwe, kwani dawa ya kichocho inaruhusiwa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Ila kumtoa mtu Gungu akaanze kuogelea kwa ajili ya mgongo, hapana.

#21 Mwisho_wa_Reli
Mimi nimeoga ziwani tangu utoto, sina kichocho.

#22 NyukiWaTabora
Umepima?

#23 MsomiMvivu
Nauliza bila ubishi, FizioZiwani. Ushahidi uko wapi? Kila mtu anasema mazoezi, lakini huenda wanaofanya mazoezi ni wale ambao maumivu yao si makali. Pili, kuhusu rilaksini: ninavyojua inapanda zaidi miezi mitatu ya mwanzo, sasa mbona maumivu yanazidi mwezi wa sita na wa saba? Na waliopima kiwango chake kwenye damu hawakupata kwamba aliye nacho kingi ndiye anayeumwa zaidi. Nadharia hiyo inavuja.

#24 FizioZiwani
Swali zuri. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 34, wanawake zaidi ya 5,000, wakigawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hoja yako ya kwanza imezibwa kwa sehemu kubwa. Kwa maumivu ya kiuno, mazoezi yalipunguza maumivu na kumsaidia mama kufanya shughuli zake, ingawa ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo. Kwa nyonga peke yake, hakukuwa na tofauti ya wazi. Ndiyo maana sikumwahidi muujiza kwenye nyonga. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa kliniki ya wajawazito wa 2016 linapendekeza mazoezi ya mara kwa mara kipindi chote cha mimba ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga, na mwongozo wa 2020 unasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri kwa mjamzito asiye na kizuizi. Kipimo cha kadiri: unaweza kuongea na mwenzako njiani, kuimba huwezi.

Rilaksini naendelea kuamini ina mchango. Kano zikilegea mapema, uzito unakuja kuzikuta zimelegea.

#25 MsomiMvivu
Kwa hiyo chanzo ni uzito basi.

#26 FizioZiwani
Uzito na mahali ulipo. Tumbo linavuta mbele, mama anajipinda nyuma asianguke, misuli ya tumbo imetanuka haimsaidii tena. Lakini wapo wanaoanza kuumwa kabla tumbo halijaonekana, na wenye matumbo makubwa wasioumwa kabisa. Aliyewahi kuumwa mgongo kabla ya mimba yuko hatarini zaidi, huo ndio utabiri mmoja ninaouamini.

#27 Dagaa_wa_Katonga
Na aliyeinama maisha yake yote ndiye aliyewahi kuumwa kabla. Tumerudi Katonga.

#28 Chama_la_Mwandiga
Mbona mnazunguka? Mke wangu alimeza zile za diklofenaki, siku ya pili akawa analima. Duka la dawa wanauza vipande vipande.

#29 Mkunga_Mstaafu
#28 futa hiyo au moda aifute. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake si za mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20. Zinaathiri figo za mtoto na maji anayoelea yanapungua. Mimba ikikomaa zaidi, zinaweza kuufunga mshipa ulio karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu wiki hiyo ya 20. Ikibidi dawa, parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa, na useme kliniki.

#30 Chama_la_Mwandiga
Sawa, lakini mtoto ni mzima anacheza mpira.

#31 Mkunga_Mstaafu
Mshukuru Mungu, usimshauri jirani.

Na kwa kuwa wengi wanasoma kimyakimya: mgongo wenye homa na mkojo unaochoma au unaonuka si wa mkeka, hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo na yanaweza kupanda kwenye figo. Mgongo unaokuja na kuondoka kwa vipindi, na tumbo linakaza nalo, kabla ya wiki ya 37, kimbia hospitali. Vilevile damu, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza, au ganzi kwenye kinena na kushindwa kuzuia mkojo. Usisubiri wa jukwaani wakujibu.

#32 Msambazaji_Vitenge
Hakuna aliyetaja kufunga kanga? Nilifundishwa na mama mmoja wa Kibondo. Kunja kanga kwa urefu mpaka iwe mkanda wa upana wa kiganja na nusu. Lala chali kidogo, wala si kwa muda, pitisha chini ya nyonga si kiunoni, leta mbele chini ya tumbo, kaza ukiwa hujasimama, fundo likae pembeni lisikuchome. Ukisimama unasikia mtu amekushika. Kitenge kizito kinateleza, kanga ya pamba haitelezi, na hapo najiharibia biashara maana ninavyouza ni vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa.

#33 FizioZiwani
Hiyo ni mikanda ya nyonga wanayouza ghali, kwa bei ya kanga. Inasaidia baadhi. Fungua ukikaa na ukilala, usiikaze mpaka pumzi ikate. Na hapo kwenye kulala chali: baada ya wiki ya 20 hivi mfuko wa uzazi unaweza kuubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mama anapata kizunguzungu. Kwa hiyo afunge akiwa amelalia ubavu, au amesimama na mwenzake anamvutia. Mazoezi ya kulala chali nayo aachane nayo.

#34 Shangazi_Buzebazeba
Hata sisi tulifunga kanga. Mkaiita ushamba.

#35 MamaMapacha_Kasulu
Hatukuiita ushamba shangazi, tuliuliza tu.

Nyongeza: msisahau kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, unakaza unaachia. Inasaidia nyonga na hata baada ya kujifungua ukipiga chafya unakuwa salama. Ila usiifanye kwenye kukojoa kwenyewe.

#36 MgebukaMbichi
Huu uzi nimeujia kucheka, sasa nimekaa naukaza sijui kwa nini.

#37 Bi_Mawese
Hahaha! Ahsanteni. Nimetengeneza kiti kwa kreti la soda na godoro la mtoto juu yake, magoti yako chini ya nyonga kama alivyosema FizioZiwani. Kanga nimefunga, mama mkwe ndiye aliyevuta fundo, kasema hilo ndilo la maana na mengine ni maigizo. La paka nafanya akiwa ameenda msibani.

Godoro je? Langu limebonyea katikati. Kuna anayesema nilale chini kwenye mkeka.

#38 Mzee_wa_Kibirizi
Chini. Mgongo unataka pagumu.

#39 NyukiWaTabora
Mzee, umewahi kunyanyuka kutoka chini una tumbo la miezi saba? Ni yeye huyuhuyu anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda. Weka ubao chini ya godoro, utoe lile shimo.

#40 Mzee_wa_Kibirizi
Nimelala sakafu ya behewa Kigoma mpaka Tabora, nimeshuka nimenyooka.

#41 NyukiWaTabora
Mzee, ulikuwa na mimba?

#42 MsomiMvivu
Nina swali jingine ambalo halijajibiwa. Kama kazi ya kuinama ndiyo inayovunja mgongo, na kazi hiyohiyo ni mwendo wa mwili mchana kutwa, kwa nini mama wa Katonga aongezewe dakika 150 nyingine? Huyo anahitaji mazoezi au anahitaji kupumzika?

#43 Dagaa_wa_Katonga
Anahitaji kichanja.

#44 FizioZiwani
Misuli inayotumika kuinama ni ile ile kila siku, mingine imelala. Mazoezi ni kuiamsha iliyolala. Lakini nakubali, kumwambia aliyekesha kwenye dagaa akatembee tena nusu saa ni kumkosea. Kwake ningeanza na kunyoosha na kubadilisha mkao, kupumzika kwa ubavu mchana, basi.

#45 MsomiMvivu
Basi mwongozo uliandikwa kwa wanaokaa ofisini.

#46 FizioZiwani
Mwongozo unahesabu hata kazi za nyumbani na kutembea kwenda sokoni. Umesoma au umesikia?

#47 Mrembo_Mwandiga
Naingilia, samahanini. Wiki yangu ya 30, maumivu ni ya mbele kwenye mfupa wa kinena. Napanda boda kila siku kwenda kazini mjini. Nikae kwa kutanua miguu au nikae upande?

#48 FizioZiwani
Kutanua kunavuta hapo hapo panapouma. Kukaa upande kunapinda kiuno, na boda ikiruka shimo huna cha kushika. Panda bajaji, kaa magoti pamoja, na ukishuka zungusha miguu yote miwili kwanza ndiyo usimame.

#49 Mrembo_Mwandiga
Nashukuru. Nitajaribu.

#50 Chama_la_Mwandiga
Bajaji ya kwetu asubuhi? Utakaa na mikungu ya ndizi miwili na kuku wa mtu. Magoti yatabanana yenyewe, dada, wala usihangaike.